Lualaba: Siku moja kwenye vituo vya zamani vya reli, toka Kolwezi mpaka Tenke

Tangu mwaka 2023 jina la Lobito liko kinywani mwa kila mtu Kolwezi. Mwezi wa Julai mwaka huo, marais wa Kongo, Angola na Zambia walikutana kwenye bandari hiyo ya Angola, wakati shirika la Lobito Atlantic Railway lilipokabidhiwa reli kwa miaka 30. Tarehe 4 Desemba 2024 rais wa Marekani wa wakati ule, Joe Biden, alifika huko yeye mwenyewe. Kwenye hotuba zote hizo kulisemwa juu ya shaba, kobalti, tani na dola. Juu ya vituo vidogo vya porini, vile ambavyo mama anashuka na gunia lake la makala au mtoto anapanda kwenda masomo, kulisemwa kidogo sana.

Vituo hivyo viko, na mtu anaweza kwenda kuviona. Kwa mtu wa Kolwezi, au mtu wa Musumba aliyeshuka mjini kwa shughuli zake na kubakiwa na siku moja mikononi, safari ya Kolwezi mpaka Tenke na kurudi inatosha kumwonyesha namna reli hii ilivyofanya kazi, na kwa nini watu bado wanakufa juu yake.

Tunamtaja mtu wa Musumba kwa sababu. Musumba, makao ya Mwant Yav, mfalme wa Walunda, iko katika wilaya ya Kapanga, na reli haijafika huko hata siku moja. Wabelgiji walipopima njia, walitafuta madini na bahari. Makao ya ufalme hayakuwa kwenye hesabu yao. Kuna jambo la kuchekesha kidogo hapa: neno musumba lenyewe maana yake ni makao makuu ya mfalme, na zamani makao hayo yalikuwa yakihama, mfalme mpya akijenga ya kwake. Reli haihami. Ikisha kulazwa kusini, watu wa kaskazini ndio wanaoifuata. Basi mtu wa Musumba anashuka Sandoa, anaendelea mpaka Kasaji, na hapo ndipo anakanyaga chuma kwa mara ya kwanza. Moïse Tshombe, aliyezaliwa upande huo wa Musumba mwaka 1919, alikuwa mtoto wa miaka 11 wakati treni ilipoanza kupita Kasaji.

Anza asubuhi kwenye gare ya Kolwezi. Watu wengi wanafikiri kwamba reli ilikuja hapa kufuata mji. Ni kinyume. Kipande cha Tenke mpaka Dilolo kilifunguliwa mwaka 1931, na Union Minière ilianza kuujenga mji wa Kolwezi kuelekea mwisho wa miaka hiyo ya 1930. Reli ilikuwa ikipita kwenye pori lenye vilima vya shaba kabla ya kuwa na mtaa, kanisa au baa hata moja. Ukisimama kwenye gare leo, na Manika na Dilala zimejaa watu pande zote, ni vigumu kuamini, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Fanya jambo moja kabla ya kutoa simu mfukoni: mtafute shefu wa gare, umsalimie, umweleze unachotaka. Hapa mtu aliyekuwa shefu wa gare anaitwa Papa Shefu mpaka kifo chake, hata kama mshahara wake wa mwisho ni wa miaka ya zamani. Kupiga picha za gare bila ruhusa kunaweza kukuletea maneno mengi na watu wa usalama, na siku yako itaishia ofisini. Ukiomba vizuri, mara nyingi utapata ruhusa na juu yake utapata hadithi.

Kutoka Kolwezi, chukua barabara kubwa ya Likasi. Ni barabara ya malori ya madini, yenye peaji na vumbi, na katika majira ya kiangazi vumbi hilo linafunika hata majani ya miti. Reli haifuati barabara kila mahali. Inapotea nyuma ya vilima, inarudi, inapotea tena. Sababu ni rahisi: lori linaweza kupanda kilima kikali, treni yenye mzigo haiwezi. Waliopima reli walizunguka vilima ili mteremko ubaki mdogo, na kwa sababu hiyo vituo vingi viko ndani, mbali na lami, mwisho wa kijia cha udongo. Pikipiki ni nzuri zaidi kuliko gari dogo kwa kufika huko. Mwambie motari akungoje, na mpatane bei ya kungoja kabla ya kuondoka.

Ukifika kwenye kituo kidogo cha namna hiyo, usiangalie jengo kwanza. Angalia chini. Utaona kwamba reli, iliyokuwa moja tu porini, inagawanyika kuwa mbili au tatu mbele ya kituo, halafu inarudi kuwa moja. Hiyo ndiyo kazi ya kituo. Watu wanafikiri kituo ni mahali pa kuuza tikiti. Hapana, tikiti ni jambo la pili. Kwenye njia yenye reli moja, treni mbili zinazokuja uso kwa uso haziwezi kupishana porini. Zinapishana kwenye kituo tu. Moja inaingia pembeni, inangoja, nyingine inapita. Kituo kikifungwa, reli ya pembeni ikimezwa na majani, njia nzima inapungukiwa na nguvu: treni zilizokuwa zikipishana mara nyingi kwa siku zinabaki kungojana mbali.

Mahali reli inapogawanyika kuna vyuma viwili vyembamba vinavyosogea kama ulimi. Vikilala upande huu, treni inakwenda moja kwa moja. Vikilala upande ule, inaingia pembeni. Mtu wa kuvisogeza, yule Wabelgiji walimwita aiguilleur, alifanya hivyo kwa mkono wa chuma uliosimama kando ya reli. Kwenye vituo vikubwa vya reli za zamani, ulimwenguni kote, mikono hiyo ilikusanywa ndani ya kibanda kimoja, mara nyingi kilichoinuliwa juu ili mlinzi aone pande zote mbili. Toka kibandani, waya na vyuma virefu vilitambaa chini mpaka kwenye njia panda na kwenye nguzo za ishara.

Akili ya kibanda hicho ni jambo la kushangaza, na linastahili kuelezwa polepole. Chini ya sakafu, vyuma vya mikono yote vimefungamanishwa. Mlinzi akisha kuvuta mkono unaoelekeza njia kwenye reli ya pembeni, hawezi tena kuvuta mkono wa ishara inayomwambia treni ya upande mwingine ipite. Hata akiwa amelewa, hata akiwa na usingizi, hata mkubwa wake akimpigia kelele, chuma chenyewe kinakataa. Hakuna kompyuta humo, na hakuna umeme unaohitajika. Ni vyuma vinavyozuiana. Watu waliotengeneza kitu hicho walijua kwamba mtu anachoka, na kwamba mkubwa anaweza kutoa amri mbaya.

Kwenye kituo kidogo kisichokuwa na kibanda, usalama ulikuwa kwenye simu na daftari. Namna yenyewe ni hii. Shefu wa gare ya kwanza anampigia mwenzake wa gare inayofuata kumuuliza kama njia iko wazi. Mwenzake anaangalia daftari lake, anajibu, na wote wawili wanaandika saa. Hapo tu mashinisti anapewa ruhusa ya kuondoka. Treni ikifika upande wa pili, shefu anatoka nje kuiangalia mpaka wagoni ya mwisho, ile yenye alama au taa ya nyuma. Kama taa ya nyuma haipo, maana yake kuna wagoni zilizokatika na kubaki njiani, na hakuna treni nyingine inayoruhusiwa kuingia. Mtu anayesimama nje usiku, kwenye mvua, kuangalia taa moja ndogo nyekundu: maisha ya watu yalikuwa juu ya macho yake.

Ndiyo maana habari za mishahara ya wafanyakazi wa reli si habari za sendika peke yake. Shirika la reli limebadilisha majina mengi: BCK wakati wa Wabelgiji, KDL mwaka 1970, SNCZ mwaka 1974, halafu Sizarail kwa muda mfupi katikati ya miaka ya 1990, kisha SNCC. Katika mabadiliko hayo yote, wafanyakazi walilimbikiziwa miezi mingi ya mishahara, na wengi walistaafu bila kupata haki zao. Unaweza kununua lokomotive mpya kwa mkopo na kuifikisha kwa meli. Mtu wa kutoka nje saa nane za usiku kuangalia taa ya nyuma hanunuliwi hivyo.

Tenke ndiyo kilele cha safari. Kwa kuangalia haraka ni kituo tu chenye udongo mwekundu, na mgodi mkubwa wa Tenke Fungurume jirani yake. Lakini hapa ndipo njia tatu zinakutana. Ya kwanza inatoka Sakania na Lubumbashi, ambako treni ilifika mwaka 1910, ikipitia Likasi. Ya pili inapanda kaskazini: ilifika Bukama mwaka 1918, na mwaka 1928 iliunganishwa mpaka Ilebo, mahali shaba ilipopakiwa kwenye meli za mto kwenda Kinshasa, halafu treni tena mpaka Matadi. Ya tatu ndiyo ile ya Kolwezi na Dilolo, inayokwenda Lobito. Bahari tatu, kwa namna ya kusema, zinaanzia kwenye njia panda ya Tenke: mzigo unaweza kwenda kusini mpaka Afrika Kusini, magharibi mpaka Angola, au kuzunguka ndani ya nchi yetu mpaka Matadi. Kituo cha namna hiyo ndicho kinachohitaji mlinzi wa njia panda aliye macho kuliko wote.

Tenke ina heshima nyingine ambayo wakaaji wake wengi hawaijui. Mwaka 1952, kipande cha Likasi, iliyoitwa Jadotville wakati huo, mpaka Tenke kilianza kutumia umeme wa volti 25,000, wa aina ileile inayotoka kwenye mabwawa bila kugeuzwa kwanza. Ilikuwa kati ya reli za kwanza ulimwenguni kufanya hivyo. Treni nyingi za kasi za leo, za Ufaransa na za China, zinatumia umeme wa aina hiyo. Lilijaribiwa mapema hapa kwetu, kwa maji ya mito yetu, na Kolwezi nayo ikapata umeme wa reli katika miaka hiyohiyo ya 1950. Ukiona nguzo za zamani kando ya reli, ujue unaangalia nini. Na ukiona waya bado uko juu yake, usikaribie na usifikiri kwamba ni mfu. Pengine waya hautauona: shaba ya juu ya reli imekuwa ikiibiwa, kama shaba ya chini ya udongo.

Toka Tenke, reli ya kaskazini inaelekea Lubudi na Luena. Usiifuate, siku moja haitoshi na njia ni mbaya. Lakini simama uiangalie, sababu juu ya njia hiyo kuna mahali panapoitwa Buyofwe. Mwezi wa Novemba 2017, treni ya mizigo iliyobeba mafuta ilianguka bondeni upande huo, na zaidi ya watu 30 walikufa. Usiku wa tarehe 10 Machi 2022, treni nyingine ya mizigo, wagoni 15, ilikuwa ikitoka Luena kuja Tenke. Wagoni 12 zilikuwa tupu. Wagoni saba zilianguka bondeni, na watu wasiopungua 75 walikufa.

Treni ya mizigo, wagoni tupu, watu 75. Shirika lilisema kwamba walikuwa wamepanda kwa kujificha, na ni kweli, hawakuwa na tikiti. Lakini tikiti ya treni gani? Mahali ambako treni ya wasafiri inapita kwa bahati, ambako barabara inakatika mvua ikinyesha, mtu mwenye mgonjwa, mwenye mahindi ya kuuza au mwenye kilio cha ndugu yake anapanda kile kinachopita. Zamani mtu huyo angefika kwenye kituo chake kidogo, angengoja chini ya mwembe, shefu angempa saa, na angepanda wagoni yenye viti. Kituo kikifungwa, safari yake haifi. Inahamia juu ya paa la wagoni. Mwezi wa Aprili 2014, karibu na Kamina, ilikuwa hivyohivyo, na waliokufa walihesabiwa kwa makumi.

Kwa hiyo, tunaposema vituo vya zamani, hatusemi habari za watu wanaopenda vitu vya makumbusho. Huko Ulaya kuna watu wanaotumia siku zao za mapumziko kutembelea vibanda vya ishara, kupaka rangi mikono ya chuma, kuandika namba za lokomotive. Ni kazi nzuri, hatuidharau. Sisi tunaweza kuangalia vibanda vyetu kwa jicho lingine: si vitu vilivyopitwa na wakati, ni kazi iliyoachwa katikati.

Rudi Kolwezi kabla ya giza, sababu malori ya usiku hayana huruma. Ukiwa na nguvu, na kama kiangazi kimekausha njia, siku nyingine elekea magharibi, upande wa Mutshatsha. Utapita jirani na Kamoa-Kakula, mgodi mkubwa wa shaba ulio kilomita 25 hivi toka mjini. Upande huo wa reli umeona mambo mengine kabisa. Mwezi wa Machi 1977, wapiganaji wa FNLC walivuka toka Angola, wakachukua Kapanga, Dilolo, Kisenge na Kasaji, na mwisho wa mwezi wakawa Mutshatsha, mlangoni mwa Kolwezi. Walifuata reli, kama wasafiri wote wa upande huo. Ilibidi askari wa Morocco waje kwa ndege za Ufaransa, na Mutshatsha ikarudishwa mwisho wa Aprili. Mwaka uliofuata, Mei 1978, vita viliingia Kolwezi yenyewe.

Reli ya Lobito ilikuwa imekatika tangu mwaka 1975 kwa vita vya ndani vya Angola. Karibu miaka 40, Dilolo ilikuwa mwisho wa njia isiyokwenda popote, na manganizi ya Kisenge ilibaki bila mlango. Upande wa Angola, Wachina walijenga upya, na mwezi wa Februari 2015 marais watatu walikutana Luau, ng'ambo ya Dilolo, kuifungua. Mzigo wa kwanza wa madini toka Kongo ulifika Lobito mwaka 2018. Tarehe 23 Desemba 2023, treni ya majaribio ya Kamoa iliondoka Kolwezi na tani 1,100 hivi za shaba, ikafika Lobito siku nane baadaye, mwendo wa kilomita 1,739. Lori linalokwenda Durban au bandari nyingine na kurudi linahesabu siku 40 mpaka 50. Kwa wenye migodi, hesabu imekwisha.

Kwa wenye vijiji haijaanza. Katika kilomita hizo 1,739, zile 450 hivi ziko kwetu, na ndizo mbovu kuliko zote. Treni inapunguza mwendo ikishavuka mpaka. Zitatengenezwa, hakuna shaka, sababu shaba inazihitaji. Swali ni zitatengenezwa namna gani. Reli inayotengenezwa kwa ajili ya shaba tu inahitaji vituo vichache vya kupishana, vinavyoongozwa toka mbali kwa kompyuta, bila shefu, bila benchi, bila mtu. Ni salama kwa mzigo, na ni rahisi. Lakini mtu wa Kasaji au Malonga atabaki akisikia honi usiku, na siku moja atapanda juu ya wagoni kwa sababu ndiyo pekee inayopita.

Kuna njia nyingine, na haihitaji mamilioni mengi ya ziada. Wakati mashine za kazi ziko njiani, kila kituo cha kupishana kipate paa, maji, simu na mtu anayelipwa. Na mkataba wa kupitisha mizigo useme wazi ni mara ngapi kwa juma treni ya wasafiri inapita, siku gani, saa gani, na nani anaadhibiwa isipopita. Wabunge wa Lualaba na gavana wana haki ya kuuliza jambo hilo sasa, kabla ya mawe na vyuma vipya kulazwa. Baadaye wataambiwa kwamba ratiba imejaa.

Kwa msafiri wa siku moja, mambo machache ya mwisho. Beba maji na chakula. Kwenye vituo vya ndani unaweza kupata ndizi na mihogo ya kuchoma, au usipate kitu. Vaa viatu vigumu, sababu mawe ya reli yanakata. Usitembee katikati ya reli hata ukiambiwa kwamba leo hakuna treni, hasa leo ambapo hakuna ratiba ya kukuhakikishia. Na kama mzee mmoja kwenye kituo atakuonyesha daftari la zamani lenye saa na namba zilizoandikwa kwa mkono, liangalie vizuri, mstari kwa mstari. Kila mstari ni treni iliyofika salama na taa yake ya nyuma.